Injini ya boti inashuka yenyewe: trimu inavujia wapi, na inazibwaje

Jioni boti imefungwa mwaloni, injini imenyanyuliwa na propela iko juu ya maji. Asubuhi propela imezama, utadhani kuna mtu aliyeishusha usiku. Hapo maneno huanza. Mmoja atasema betri imekufa. Mwingine atasema oili imekwisha, iongezwe. Wa tatu ataona utando wa mafuta ukielea nyuma ya boti na kukata shauri kwamba silinda zimepasuka, ziagizwe mpya Dar es Salaam. Yawezekana kabisa wote watatu wamekosea, na ugonjwa wenyewe ni raba mbili ndogo kuliko pete ya kidoleni.

Mkanganyiko huu una sababu yake kwetu huku. Dodoma ni mji wa malori, trekta na bodaboda. Boti zenye injini kubwa utazikuta kwenye bwawa la Mtera, nusu ya njia ya kwenda Iringa, na si nyingi. Fundi anayejua haidroliki ya tipa, yaani kuinua kwa presha ya oili, kwa kichwa anaweza kukutana na trimu, ule mfumo wa kuinua na kushusha injini ya boti, mara moja kwa mwaka. Kanuni ni ile ile ya tipa, lakini oili, raba na namna ya kufungua ni tofauti, na hapo ndipo vifaa vizima huharibiwa na watu wenye nia njema.

Kabla ya kushika spana shika jambo hili: kuvuja ni kwa namna mbili, kuvujia nje na kuvujia ndani. Kuongeza oili hakutibu hata moja. Ukijua ni namna ipi, nusu ya kazi umeimaliza.

Maneno machache kwanza

Injini ya kupachika ni ile inayofungwa kwenye ubao wa nyuma wa boti na kuteremsha mguu wake majini. Ndogo, za nguvu ya farasi 15 au 25, kwa kawaida huinuliwa kwa mkono, kwa hiyo wenye hizo suala hili haliwahusu. Kuanzia farasi 40 hivi kwenda juu, uzito unaanzia kilo 70 na kupita 100, na nyingi huja na mfumo wa kuinua kwa umeme: unabonyeza swichi, injini inapanda.

Mfumo huo unafanya kazi mbili ambazo watu huziita jina moja. Trimu yenyewe ni mwinuko mdogo wa mwanzo, nyuzi 20 hivi, unaotumika boti ikiwa kwenye mwendo ili pua ikae vizuri juu ya maji. Kuinua ni mwinuko unaobaki, mpaka kufikia nyuzi 70 hivi, wa kutoa propela majini kabisa unapofika kina kifupi au unapofunga boti. Injini nyingi kubwa zina silinda tatu nyuma: mbili fupi za pembeni ni za trimu, na moja ndefu ya katikati ni ya kuinua. Za ukubwa wa kati mara nyingi zina silinda moja inayofanya yote.

Ndani ya silinda kuna pistoni. Kwenye pistoni imefungwa rodi, ule mkono wa chuma unaong'aa unaotoka na kuingia. Mdomo wa silinda umefungwa kwa kifuniko cha kukaza, na ndani ya kifuniko mna sili, yaani raba yenye ulimi unaoibana rodi. Oringi ni raba ya duara isiyo na ulimi. Mwisho kuna valvu ya mkono, skrubu iliyo ubavuni mwa fremu ya injini, ambayo ukiilegeza unaweza kuinyanyua injini kwa mikono umeme unapokosekana. Valvu hii iweke akilini, tutairudia.

Kinachoishikilia injini juu si betri

Chukua mabomba mawili ya sindano, yajaze maji, yaunganishe kwa mrija mwembamba. Ukisukuma moja, jingine linapanda. Sasa ubane mrija kwa vidole. Bomba la pili litabaki juu hata ukiacha kusukuma, kwa sababu maji yaliyo chini yake hayana pa kwenda.

Trimu ni hivyo tu. Mota ya umeme ya volti 12 inazungusha pampu ndogo ya gia, pampu inachota oili kutoka kwenye kitanki na kuisukuma chini ya pistoni, rodi inatoka, injini inapanda. Ukiachia swichi, valvu zinaifungia oili humo ndani, na oili iliyofungiwa ndiyo inayobeba uzito wote. Kuanzia hapo betri haina kazi. Unaweza kuifungua na kwenda nayo nyumbani, injini itabaki juu kama mfumo ni mzima.

Kwa hiyo injini inayoshuka yenyewe haina tatizo la umeme. Tatizo la umeme lina dalili zake: unabonyeza na hakuna kinachosikika, au unasikia rilei, ile swichi ya ndani inayoipelekea mota umeme, ikilia "tak" na mota haizunguki. Hapo angalia fyuzi, vichwa vya betri na waya mbili nene zinazoingia kwenye mota, ambazo kwenye injini nyingi ni ya bluu kwa kupanda na ya kijani kwa kushuka. Mota ikizunguka kwa mlio mwepesi na injini isisogee, hapo ndipo rudi kwenye haidroliki: oili ni pungufu, kuna hewa, au valvu ya mkono imeachwa wazi.

Mfumo huu una kazi ya tatu, na Mtera huitumikisha sana. Bwawa hilo la Ruaha Mkuu, linalozungusha mitambo ya megawati 80 tangu 1988, limeumbwa kuchezesha uso wa maji kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kisiki kilichokuwa chini kabisa mwezi huu, mwezi mwingine kiko usawa wa propela. Mguu wa injini ukikigonga, vivalvu vidogo vyenye springi ndani ya pistoni ya kuinua hufunguka, oili inapita, na injini inaruka juu badala ya kung'oa ubao wa nyuma. Yaani trimu ni shokapu pia. Pigo zito linaweza kuipinda rodi au kuiharibu raba siku hiyo hiyo, na oili ikaonekana wiki mbili baadaye, mwenye boti akiwa amekwisha kusahau.

Nje au ndani?

Kuvujia nje kunaonekana: oili inatoka kwenye mfumo, kitanki kinapungua, mwisho pampu inavuta hewa na injini inapanda kwa kushtukashtuka. Kuvujia ndani hakuonekani. Fikiria nyumba yenye vyumba viwili na mlango wa kati usiofunga. Wageni wanahama chumba hadi chumba, lakini ukiwahesabu asubuhi wako wale wale. Oili inatoka chini ya pistoni na kurudi kwenye kitanki, injini inashuka, na kitanki kimejaa. Mwenye boti anayeongeza oili hapa anajaza kisichopungua.

Anza kwa kuosha. Sabuni, brashi, maji, kausha kabisa. Kwenye injini chafu kila kitu kinaonekana kinavuja, maana vumbi la Dodoma hunata kwenye utando mdogo tu wa oili na kufanya tope jeusi linalotisha. Ikishakauka, inua injini mpaka mwisho, futa rodi, kisha tandika boksi la karatasi chini yake. Panda na shuka mara tano, uangalie sehemu hizi: mdomo wa kila silinda, maungio ya paipu, tako la mota linapokaa juu ya pampu, kizibo cha kitanki, na valvu ya mkono.

Utando mwembamba unaoacha alama kwenye kidole si ugonjwa, rodi lazima iwe na unyevu. Tone linalojikusanya kwenye ukingo wa kifuniko na kuanguka, huo ndio ugonjwa. Usipapase paipu kwa mkono wakati pampu inafanya kazi. Tairi la gari dogo lina PSI 30 hivi. Ndani ya trimu presha huhesabiwa kwa mamia, na mchirizi mwembamba wa presha hiyo unaweza kupenya ngozi. Tumia kipande cha boksi, mchirizi utakionyesha.

Baada ya hapo pima kushuka. Inua injini mpaka mwisho bila kuweka kile kishikizo chake cha kuizuia, bandika utepe kwenye rodi pale inapoingia kwenye kifuniko, acha mpaka asubuhi. Utepe ukisogezwa na kifuniko na boksi likabaki kavu, kuvuja ni kwa ndani.

Dalili nyingine huja ukirudi nyuma. Propela inaporudisha boti nyuma huivuta injini ijinyanyue, na upande wa kushuka wa haidroliki ndio unaoizuia. Injini ikijiinua kila ukiweka rivasi, usipoteze muda na sili za nje. Shaka iko kwenye valvu ya mkono, oringi ya pistoni, vile vivalvu vya shokapu, au valvu ya upande wa kushuka.

Na ule utando majini? Huenda si wa trimu hata kidogo. Injini ya mipigo miwili hutoa kiasi cha oili isiyoungua kupitia ekzosi, hiyo ni tabia yake. Sili ya shafti ya propela nayo ikichoka hutoa oili ya gia. Chovya kitambaa cheupe. Oili ya trimu mara nyingi ni nyekundu, kama ile ya gia boksi ya otomatiki. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali.

Oili: hapa ndipo watu wengi huharibu

Watengenezaji wengi huruhusu ATF, ile ya gia boksi za otomatiki, aina ya Dexron, na baadhi wana oili yao maalumu ya trimu. Soma kitabu cha injini yako. Mfumo wote kwa kawaida haufikishi lita moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha kwa ajili ya bei.

Kosa baya kuliko yote ni oili ya breki. Hoja husikika nzuri: breki ni haidroliki, trimu ni haidroliki, basi ni kitu kimoja. Sivyo. Oili ya breki ya kawaida haitokani na petroli, na raba za breki hutengenezwa kwa mpira unaoivumilia, unaoitwa EPDM. Raba za trimu ni za NBR, mpira unaovumilia oili za petroli. Ukimimina oili ya breki kwenye trimu, raba huvimba, hulainika na kupoteza umbo, na rangi ya injini pia hubabuka inapomwagikia. Kinyume chake ni kibaya vilevile: oringi iliyochomolewa kwenye seti ya vifaa vya breki, ukiifunga kwenye trimu, itavimba kwa ATF.

Zote mbili ni nyeusi na kwa macho hazitofautiani. Kama huna hakika na oringi uliyonunua, ipime unene, itumbukize ndani ya kifuniko cha chupa chenye ATF, iache siku mbili, pima tena. Ya EPDM itakuwa imenenepa na kuwa laini kama ufizi. Ya NBR itabaki karibu kama ilivyokuwa.

Oili iliyo ndani nayo inasema. Chota kidogo kwa bomba la sindano, weka kwenye chupa safi, tazama kwenye mwanga. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi yameingia kupitia sili ile ile inayotoa oili nje, kwa sababu ulimi uliochoka hauzuii upande wowote. Povu linaloondoka baada ya dakika chache ni hewa. Weupe usioondoka ni maji, na oili yote imwagwe: jaza mpya, pandisha na kushusha, mwaga, rudia mara mbili au tatu mpaka itoke safi. Ukiacha maji humo, kutu itakula pampu.

Kuhusu kujaza: jaza injini ikiwa juu kabisa na imeegemezwa, kamwe isiwe chini. Rodi zikiwa zimetoka, oili nyingi iko kwenye silinda, na usawa sahihi ni kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Injini ikishuka, rodi zinaingia, zinachukua nafasi, oili inarudi kwenye kitanki na kuibana hewa iliyo juu ya tundu. Ukifungua kizibo wakati huo, oili inaruka usoni.

Anza na valvu ya mkono

Injini inashuka na nje ni kukavu? Usikimbilie silinda. Valvu ya mkono ndiyo sehemu rahisi na ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huichokonoa bila kujua. Mtu aliilegeza siku betri ilipokufa, akairudisha nusunusu. Au aliikaza kwa hasira na kukata oringi yake.

Iangalie kwanza imekazwa: bisibisi bapa pana inayojaa kwenye mfuo, mwendo wa saa, mpaka ikae, bila kunyonga. Pima tena usiku mmoja. Ikiwa bado inashuka, itoe. Kabla ya hapo injini iwe juu kabisa na ifungwe kwa mnyororo au ikalishwe kwenye gogo imara, maana ukilegeza valvu hii hakuna tena kinachoishikilia isipokuwa ulichoweka wewe. Kile kishikizo kidogo cha kwenye fremu ni msaada tu, kisiachiwe kilo mia moja juu ya mikono ya mtu. Fungua waya hasi ya betri pia, mtoto asije akabonyeza swichi.

Legeza taratibu. Kwenye injini nyingi valvu imezuiwa na klipu ya duara, itoe kwa koleo lake. Valvu ikitoka utaona oringi mbili au tatu ndogo. Iliyochoka utaitambua: haina mviringo tena, imekuwa bapa upande mmoja kama tairi lililokaa bila upepo, au ina kovu pale ilipopita kwenye ukingo. Angalia pia ncha ya valvu. Chembe moja ya chuma ikikwama pale, valvu haitakaa hata ukifunga oringi mpya kila siku.

Ukinunua oringi usiende kwa jicho. Injini za Kijapani hutumia vipimo vya Kijapani, na unene wake ni milimita 1.9, 2.4, 3.5 na 5.7. Vipimo vya Kimarekani ni 1.78, 2.62, 3.53 na 5.33. Boksi za oringi zilizomo madukani huwa za aina moja au nyingine. Ya 3.5 na ya 3.53 hakuna tofauti ya kukuumiza. Ya 2.4 na 2.62 ni habari nyingine: mkononi zinafanana kabisa, lakini nene itakatwa wakati inaingia, na nyembamba mahali pa nene itapitisha. Nenda dukani na kalipa, ile ya kupimia unene.

Silinda yenyewe

Tone likiwa linatoka kwenye mdomo wa silinda, kifuniko lazima kifunguliwe. Egemeza injini, toa presha kwa kulegeza valvu ya mkono polepole, kisha kizibo cha kitanki polepole.

Kifuniko hakina kichwa cha nati, kina matundu mawili. Spana yake ni ya pini mbili, na hapa wengi huchukua patasi na nyundo. Patasi inatanua tundu, inabenjua kifuniko, na vumbi la alumini linaingia kwenye silinda. Spana inatengenezeka kwa fundi wa kuchomelea: bamba la chuma la milimita 10, mpini mrefu, na pini mbili zilizokatwa kwenye bolti ngumu ya daraja la 8.8. Ukubwa wa tundu upime kwa kuingiza mashina ya biti za drili mpaka upate linaloingia bila kucheza. Pini ikicheza, itateleza na kuharibu tundu.

Injini iliyonunuliwa mtumba kutoka pwani huwa na shida ya ziada. Kwenye nyuzi za kukazia za kifuniko utaona unga mweupe kama sembe: ni alumini iliyoliwa na chumvi, na imeshika kama saruji. Weka oili ya kulegeza kutu, iache kutwa nzima, mwagia maji ya moto, gonga pembeni kwa nyundo ya plastiki, jaribu, rudia. Usitumie moto wa gesi. Silinda iliyofungwa yenye oili ndani ikipashwa moto inaweza kupasuka, na raba za ndani zitaungua kwa vyovyote.

Kifuniko kikilegea, vuta rodi kwa mkono. Kuna wanaopuliza upepo wa kompresa kuisukuma pistoni itoke, kama wafanyavyo kwenye kalipa za breki. Pistoni ya trimu hutoka kama risasi. Usifanye hivyo.

Kabla ya kununua sili yoyote, itazame rodi. Ipitishe kucha kwa urefu wote huku ukiizungusha. Kromu nzuri ni laini kama kioo. Kucha ikikwama kwenye kitobo, hata kiwe kama ncha ya pini, hicho ndicho kilichokata sili ya kwanza na ndicho kitakachokata ya pili. Alama ndogo sana isiyokwamisha kucha isuguliwe kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kwa kuzungushia rodi, sio kwa urefu wake. Mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa oili. Kitobo kirefu maana yake rodi ibadilishwe. Ilaze pia juu ya kioo bapa na kuiviringisha: iliyopindwa na kisiki itaonyesha mwanga chini yake.

Kifuniko kina raba kama tatu. Ya nje ni kifuta vumbi, ulimi wake unatazama nje. Inayofuata ni sili ya presha, ulimi wake unatazama ndani, kwenye oili, ili presha yenyewe iupanue na kuubana kwenye rodi. Ukiigeuza, presha inaukunja ulimi na inavuja siku hiyo hiyo. Ya tatu ni oringi ya nje ya kifuniko. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote.

Sili ya shokapu ya bodaboda isikushawishi. Kipenyo kinaweza kulingana kabisa, na huingia vizuri. Lakini ndani ya shokapu ya mbele ya pikipiki oili karibu haina presha, sili yake kazi yake ni kufuta na kuzuia tone. Ikikutana na presha ya trimu inasukumwa nje. Dawa za chupa za kuzuia kuvuja nazo huvimbisha raba iliyochoka kwa muda, halafu unabaki na raba iliyochoka na iliyovimba. Silikoni ya kupaka ni mbaya zaidi: vipande vyake hukatika na kuziba vijitundu vya valvu, na kutoka kwenye sili ya bei ndogo unaishia kununua pampu.

Kufunga kunahitaji usafi kuliko nguvu, na kiangazi cha Dodoma upepo hauna huruma. Mwagia sakafu maji, funga mlango, osha mikono, tumia kitambaa kisichotoa nyuzi. Chembe moja ya mchanga chini ya ulimi wa sili ni msasa unaotembea na rodi. Zungushia utepe laini kwenye nyuzi na kingo zote kali ambazo sili itapita, ipake ATF ile ile utakayojaza, iingize kwa kuzungusha kidogo kidogo. Kifuniko kikazwe kwa kipimo cha kitabu cha injini.

Kutoa hewa na kuhakikisha

Funga valvu ya mkono. Injini ikiwa juu, jaza mpaka ukingo wa tundu, rudisha kizibo. Toa mnyororo, rudisha betri, shusha mpaka chini, pandisha mpaka juu. Mara ya kwanza itapanda kwa kushtuka na pampu italia, ni hewa. Acha dakika tano povu litulie, egemeza, fungua kizibo, ongeza, funga. Rudia mara nne au tano, mpaka usawa usipungue tena na mlio uwe wa namna moja kutoka chini hadi juu. Usiishikilie swichi mfululizo baada ya injini kufika mwisho; mota hii ni ya kazi fupi na hupata moto haraka.

Kisha rudi kwenye ule utepe wa kwenye rodi na usiku mmoja wa kusubiri. Ukikuta kavu na haujasogea, toka nayo majini, jaribu rivasi kwa mwendo mdogo, na angalia usawa wa oili tena baada ya wiki. Ikiwa bado inashuka baada ya oringi za valvu ya mkono, na pistoni imefungwa raba mpya, kilichobaki ni valvu za ndani ya pampu. Hizo ni vipande vidogo vyenye springi, vinavyofaana kwa usahihi mkubwa, na hapo ushauri wangu ni kununua pampu nzima au kumpelekea fundi mwenye vipimo vya presha. Kuzifungua mezani kwa matumaini hugharimu zaidi.

Oili uliyotoa ikusanye kwenye dumu na uipeleke gereji inakokusanywa oili chafu. Maji ya Mtera yana samaki, yana mifugo, na yana watu wanaoyachota.

Na kama boti inapandishwa kwenye trela kurudi Dodoma, usiibebe injini kwa haidroliki peke yake, wala kwa kile kishikizo kidogo, ambacho vitabu vya injini hukataza kukitumia njiani. Kila tuta la barabarani linaitupa injini juu na kuiangusha kwenye ile oili iliyofungiwa, pigo baada ya pigo, kwenye sili ulizozifunga jana. Weka gogo au nguzo ya chuma kati ya mguu wa injini na fremu ya trela, shusha injini mpaka ikae juu yake, kisha funga kwa mkanda.